Msafara wa kibiashara wa chipu na fotoniki: nyota tatu, na "hapana" moja iliyopimwa

Nimerudi kutoka kwenye msafara huu na begi lile lile nililoondoka nalo, sampuli sita zile zile, na oda sifuri. Nalisema hili mapema ili anayetafuta habari za "nilienda, nikauza, nikarudi na mkataba" asijipotezee muda hapa. Naupa nyota tatu kati ya tano. Moja kati ya hizo tatu ni ya dakika kumi na mbili za kikao kimoja tu, na huko tutafika.

Kwanza mjue ninauza nini, maana huduma ya namna hii huwezi kuipima kama hujui anayepima ametoka na bidhaa gani. Kampuni yetu ina watu kumi na mmoja. Tunatengeneza vishikio vya faiba, zile nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Kishikio ni kipande cha kioo kilichochongwa mifereji midogo yenye umbo la V. Kila mfereji unalazwa faiba moja, juu yake kinawekwa kifuniko cha kioo, gundi inapita katikati, kisha uso wa mbele unasuguliwa na kung'arishwa mpaka usione mchubuko hata kwenye hadubini. Kishikio hicho ndicho kinachobandikwa ubavuni mwa chipu ya fotoniki, yaani chipu inayofanya kazi kwa mwanga, ili mwanga uingie na utoke. Faiba ukiivua koti lake la plastiki ina unene wa mikroni 125 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), na mwanga unapita katikati, kwenye kiini cha mikroni nane au tisa hivi. Kutoka faiba moja hadi ya pili, kwenye vishikio vyetu, ni mikroni 250 au 127. Kazi yetu yote na mishahara yetu yote imo kwenye desimali zinazofuata baada ya namba hizo.

Mimi ndiye mauzo, mimi ndiye ubora, na siku mtu wa vifurushi asipotokea, mimi ndiye posta.

Tangazo la msafara liliahidi siku tano: tatu Eindhoven na moja Enschede, huko Uholanzi, na moja Leuven upande wa Ubelgiji. Ziara za viwanda na maabara, jioni ya kujuana, na "vikao visivyopungua sita vya ana kwa ana na wanunuzi waliochaguliwa kwa ajili yako". Nauli na malazi unajilipia. Ada yenyewe sitaitaja kwa fedha. Ofisini tuliipima kwa kitu tunachokielewa, ikawa sawa na mshahara wa Babu wa mwezi na nusu. Babu ndiye fundi wetu mkuu wa kung'arisha, ana wajukuu wanne na mkono usiojua kutetemeka. Bosi alivyonikabidhi tiketi alisema, "Ukirudi mikono mitupu, utamweleza Babu mwenyewe."

Kuhusu sehemu walizochagua sina ugomvi. Kama unataka kuelewa biashara hii ndani ya wiki moja, kona hiyo ya Ulaya ni pazuri kuanzia. Eindhoven ni mji uliokuzwa na Philips, iliyoanza pale mwaka 1891 kwa balbu, na matawi ya mti huo bado yanazaa: ASML, watengenezaji wa mashine za kuchapia chipu, ilizaliwa mwaka 1984 kwa ubia wa Philips na ASM International, NXP ya kutengeneza chipu ikakatwa kutoka Philips mwaka 2006, na viwanja vilivyokuwa vya maabara ya Philips siku hizi ni High Tech Campus, ambako kampuni kubwa na ndogo zimepanga jengo kwa jengo. Fotoniki nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 2022 mpango wa PhotonDelta ulitangaziwa euro bilioni 1.1, fedha za serikali na za wawekezaji zikiwa pamoja, kwa ajili ya chipu za mwanga tu.

Jambo ambalo tangazo halikulisema, na ndilo lililofanya safari ya miji mitatu iwe na maana kwa mtu wa faiba, ni kwamba kila mji una udongo wake, yaani malighafi yake ya kutengenezea chipu. Eindhoven wanafanya indiamu fosfaidi. Enschede, kule mashariki karibu na mpaka wa Ujerumani, sifa yao ni silikoni naitraidi. Leuven, kwa imec, kituo cha utafiti wa chipu, ni silikoni yenyewe. Silikoni inasafirisha mwanga vizuri lakini ukiiambia ijitengenezee leza inakataa, ndiyo asili ya fuwele yake; indiamu fosfaidi inatoa mwanga wenyewe, ila inafanyiwa kazi kwenye sahani ndogo za kutengenezea chipu, za milimita 75 au 100, wakati wenzao wa silikoni wapo kwenye 300. Naitraidi haitoi mwanga wala haina haraka, lakini mwanga ukipita humo haupotei ovyo. Kwa mimi ninayebandika faiba ubavuni, hizo ni chipu tatu zenye midomo mitatu tofauti, na doa la mwanga linalotoka kwenye kila mdomo lina ukubwa wake. Muuzaji anayefika na kipeperushi kimoja kwa wote watatu hajafanya kazi ya nyumbani. Nilifika na kipeperushi kimoja.

Sasa waandaaji. Wiki sita kabla ya safari walituma fomu, na kwenye fomu kulikuwa na sehemu ya kuchagua sekta kutoka kwenye orodha. Nikachagua "fotoniki". Chini yake palikuwa na nafasi ya maneno mia na hamsini ya kueleza bidhaa. Nilikesha na maneno hayo. Naapa hakuna aliyeyasoma. Kikao changu cha kwanza nilikabidhiwa msambazaji wa lenzi za kamera za harusi na matangazo. Mama wa watu alikuwa mpole, alikuwa na kadi nzuri, na tulitazamana kwa dakika tatu kabla ya mmoja wetu kucheka. Mtu fulani kwenye ofisi fulani aliona neno linaanza na "foto", akamaliza kazi. Kikao cha pili, paneli za jua. Foto tena.

Cha tatu mnunuzi hakutokea. Cha nne alitokea, lakini alikuwa muuzaji mwenzangu aliyekuja kuniuzia mashine ya kusugulia. Nzuri, kusema kweli, na ningekuwa na fedha ningeichukua. Cha tano alikuwa daktari wa chuo kikuu aliyehitaji vishikio vinne. Vinne, si elfu nne. Watu wa vyuo nawapenda kwa sababu wanauliza maswali yenye akili, ila bosi hawezi kulipa kodi ya jengo kwa maswali yenye akili.

Kabla sijafika kwenye cha sita, niseme kuhusu ziara, maana ndizo zinazopigwa picha na kuwekwa kwenye matangazo ya msafara unaofuata.

Utaratibu ni ule ule kila mahali. Mnashuka kwenye basi, mnapewa beji, simu inabandikwa stika kwenye kamera, mnaongozwa kwenye korido yenye dirisha refu la kioo, na ng'ambo ya dirisha watu waliovaa mavazi meupe kuanzia kichwa hadi vidole wanatembea polepole kama wako chini ya maji. Huulizi kitu cha maana kwa sababu anayewatembeza ni wa mawasiliano, si fundi. Ukiuliza gundi gani wanatumia, anatabasamu.

Hata hivyo kuna maelezo yaliyonishika. Basi lilipokuwa linapita Veldhoven, makao makuu ya ASML, mwenyeji wetu alishika kipaza sauti akaeleza jinsi mashine za ASML za mwanga wa nanomita 13.5 zinavyoupata mwanga huo. Tone la bati lililoyeyuka, dogo kuliko unene wa unywele, linadondoshwa kwenye ombwe. Leza inalipiga mara ya kwanza likawa bapa kama chapati, inalipiga mara ya pili likalipuka kuwa gesi ya moto inayong'aa. Matone 50,000 kwa sekunde. Na kwa kuwa mwanga huo unamezwa na kila kitu, hewa ikiwemo, kioo kikiwemo, huwezi kutumia lenzi. Ni vioo vya kuakisi tu, vinavyotoka Zeiss, na leza ya kupigia inatoka Trumpf, wote wa Ujerumani. Kisha akasema wanaoiuzia ASML vifaa na huduma ni takriban kampuni 5,000. Basi lote likanyamaza. Nilijua kila mtu anafanya hesabu ile ile ya kuwa wa 5,001.

Hiyo ni hesabu ya kujifurahisha. Kwa kampuni ya watu kumi na mmoja, ziara za aina hiyo ni utalii, tena utalii wa gharama. Nisingetaka zifutwe, nasema tu zihesabiwe kwa jina lake.

Ziara moja ilikuwa tofauti, na ilikuwa ya bahati. Ilikuwa kwenye maabara ya kufungasha chipu, na aliyekuwa atutembeze aliumwa, wakamtoa fundi mwenyewe, kijana wa makamo mwenye miwani ya kukuzia imepandishwa kwenye paji la uso. Yeye hakujua cha kuficha na cha kusema, akatuonyesha kazi. Chipu imelazwa mezani. Kishikio cha faiba kimebanwa na vidole viwili vya chuma kwenye mkono unaosogea pande zote sita. Leza imewashwa, namba ya nguvu ya mwanga inaonekana kwenye kioo, na mkono unatafuta: kushoto kidogo, juu kidogo, umepotea, rudi, hapo. Namba inapanda, inapanda, inasimama. Ndipo tone la gundi, taa ya urujuani juu yake kwa sekunde kadhaa, na mwisho kila mtu anasubiri kuona kama namba itashuka gundi ikikaza. Huwa inashuka. Swali ni kwa kiasi gani.

Nilikuwa nimesimama pembeni yake kabisa, na nikaona kitu ambacho barua pepe mia zisingeniambia. Kishikio kilichokuwa mkononi mwa mashine, si chetu, cha mshindani, kilikuwa na kifuniko kilichokatwa pembe kwa mkono. Mkato ulikuwa mbaya, wa haraka. Nikamuuliza. Akasema kifuniko ni kirefu mno, vidole vya mashine vinakigonga kabla ya kushika sawasawa, kwa hiyo kila kikija kundi jipya wanakaa nusu siku wanakata pembe. "Mmewaambia?" nikauliza. Akainua mabega. Mnunuzi na fundi hawakai ghorofa moja.

Usiku ule nilipima kifuniko chetu hotelini kwa rula ya chuma ninayotembea nayo. Nacho ni kirefu.

Kikao cha sita kilikuwa siku ya nne, saa tisa alasiri, na kilipangiwa dakika ishirini. Kilichotangulia kwenye meza ile kikazidisha muda, nikabaki na kumi na mbili. Aliyekuja hakuwa wa manunuzi. Alikuwa mhandisi, na hakukaa. Akauliza kama nina sampuli. Nikamwambia ninazo sita. Akasema, "Twende juu, mashine yangu iko ghorofa ya pili."

Tukapanda ngazi. Nikamfungulia boksi, akachagua mwenyewe, akachukua cha nne kutoka kushoto, chenye faiba kumi na mbili. Akakilaza chini ya lenzi, akawasha taa kutoka nyuma ya faiba, na kwenye kioo yakatokea madoa kumi na mawili ya mwanga yamejipanga, mazuri kama shanga. Moyo wangu ukatulia. Akabonyeza kitufe, mashine ikachora mstari mwembamba katikati ya madoa, halafu ikaandika namba juu ya kila doa: ni mikroni ngapi limekwenda nje ya mahali pake. 0.1. 0.2. 0.2. 0.1. Zikafuata. Juu ya doa la saba ikaandika 0.8.

Hakusema kitu kwa muda. Kisha akanieleza kwa utaratibu, kama mwalimu ambaye hana haja ya kukuaibisha. Laiti ningekuwa naunganisha faiba na faiba, ambako doa la mwanga lina upana wa mikroni kumi hivi, hata kukosea mikroni nzima usingesikia maumivu makubwa. Unapoteza kama asilimia nne. Lakini chipu yake ina doa la mikroni tatu. Hapo ukikosea mikroni moja, zaidi ya theluthi ya mwanga imekwenda. Ukikosea 0.8, robo imekwenda. Na kwenye kishikio cha faiba kumi na mbili huwezi kuirekebisha ya saba bila kuziharibu nyingine kumi na moja, kwa sababu zote zimeshikana. Kwa hiyo kishikio kina thamani ya faiba yake mbaya kuliko zote.

"Mimi nahitaji 0.3 kwa zote," akasema. "Na nahitaji zibaki 0.3 baada ya saa elfu mbili kwenye nyuzi joto 85 na unyevu wa asilimia 85. Chumba chenu cha kazi ni daraja gani?"

Nikamjibu daraja la 7, na nilijibu kwa fahari kwa sababu tulihangaika sana kulipata. Maana yake, kwa kipimo cha ISO, hewa isizidi chembe 352,000 za nusu mikroni au zaidi kwa kila mita ya ujazo. Akaitikia kwa kichwa. Chake ni daraja la 5: chembe 3,520.

"Basi kwa sasa jibu langu ni hapana," akasema, akanichapishia ukurasa wenye zile namba kumi na mbili, akauwekea tarehe. Muda wangu ukaisha.

Naomba mnielewe kwa nini ukurasa ule naupa nyota nzima. Kwa miaka miwili nimekuwa nikiwaandikia kampuni za aina yake. Majibu ninayo yote: "tumepokea", "tutawasiliana", "kwa sasa hatuna uhitaji", na ukimya. Hakuna hata moja lenye namba. Hatukuwa tunajua kama tunakataliwa kwa bei, kwa ubora, kwa umbali au kwa kuwa hawatujui. Bosi aliamini ni bei, tukashusha bei mara mbili. Kumbe tungeweza kugawa bure na bado faiba ya saba ingebaki pale ilipo.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye ukurasa ule lililoninyima usingizi. Kila kishikio chetu kina namba yake na cheti chake cha vipimo. Nilipofungua cheti cha kile cha nne, faiba ya saba tulikuwa tumeipima 0.3. Yaani kilipotoka mikononi mwetu kilikuwa kizima. Nikampigia Babu.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mwanangu. Umeuza?"

"Babu, faiba ya saba imepanda."

"Imepanda kutoka wapi kwenda wapi?"

"Ilikuwa pointi tatu. Wameipima hapa ni pointi nane."

Kimya. Nikamsikia anavuta kiti.

"Wengine wako sawa?"

"Wako sawa."

"Hiyo si mimi," akasema Babu, na nilijua hajitetei, anafikiri. "Mkono ukikosea, wanakosea jirani wote. Huyo mmoja amenyanyuliwa. Chini yake gundi ilikuwa nene, ikanywa unyevu njiani. Mlete nyumbani nimwangalie."

Babu huziita faiba kama watu. Nilicheka, kisha nikakumbuka kuwa alichokitambua kwa simu ndicho yule mhandisi alichokuwa anakizunguka aliposema saa elfu mbili za joto na unyevu. Sisi tunapima siku ile ile gundi inapokauka, kwenye chumba cha baridi ya kupendeza, tunapiga muhuri. Hatujawahi kupima baada ya wiki tatu.

Turudi kwa waandaaji, maana ni wao ninaowakadiria.

Maandalizi ya forodha yalikuwa hafifu. Mwenzetu mmoja alibeba kifaa cha kupimia leza, cha maonyesho, cha kurudi nacho. Kifaa kama hicho husafiri na karneti ya ATA, ile hati inayoruhusu bidhaa kuingia kwa muda na kutoka bila kulipiwa ushuru, na hudumu mwaka mmoja. Hakuna aliyemtajia. Kifaa kikakaa uwanja wa ndege siku tatu kati ya tano, naye akazunguka na picha zake kwenye simu, simu yenyewe ikiwa imebandikwa stika. Vilevile hakukuwa na hata ukurasa mmoja kuhusu udhibiti wa bidhaa zenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi, wakati kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2021, namba 821, ina sehemu nzima za elektroniki na za leza na vihisi. Kila mnunuzi makini alituuliza bidhaa yetu imeangukia wapi kwenye orodha hiyo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa bahati, kwa kuwa mteja wa zamani aliwahi kunisumbua nayo. Wengine waliishia kusema "tutaangalia", na kikao kikapoa pale pale.

Basi, malazi na ratiba havina lawama. Jioni ya kujuana ilikuwa na kelele. Mada ya kila mtu ilikuwa moja, kwamba tangu Nvidia itangaze Machi 2025 swichi zake za mitandao ya kompyuta zenye fotoniki ndani kabisa, karibu na chipu, kila mwenye kipande cha kioo anajiona tajiri wa kesho. Kaka mmoja wa programu za kusanifu chipu aliniuliza, "Dada, nyie wa faiba si sasa mnaogelea kwenye oda?" Nilikuwa na ule ukurasa mfukoni. Nikamwambia tunaogelea, ndiyo, bado hatujagusa chini.

Jambo la mwisho ndilo lililowanyang'anya nyota ya nne. Wiki mbili baada ya kurudi ikaja fomu nyingine: "Unatarajia mikataba yenye thamani gani ndani ya miezi 12 kutokana na msafara huu?" Nikaandika sifuri. Nikapigiwa simu. Sauti nzuri, ya upole, ikaniomba "nikadirie". Nikasema nimekadiria. Ikaniomba nifikirie mikataba ambayo huenda ikatokea. Nikasema huenda pia isitokee. Mwisho ikakubali kuniacha wazi, na nikaelewa zile namba kubwa wanazotangaza kila msafara unapoisha hutengenezwa vipi: ni matarajio yetu yaliyojumlishwa na mtu aliyekaa mezani. Namba ambayo ingewafaa wote, ya watu wangapi walikaa na mnunuzi sahihi kwa dakika ngapi, hakuna aliyeniuliza. Jibu langu lingekuwa mtu mmoja, dakika kumi na mbili.

Kama una bidhaa inayoweza kuingia kwenye kiganja, nenda, lakini beba bidhaa na uache vipeperushi. Omba majina ya unaokutana nao mwezi mzima kabla, ukatae wa kamera za harusi mapema, na uulize kila jina kama ni la mtu wa manunuzi au la mtu wa benchi, anayeshika kazi kwa mikono yake. Ukipewa nafasi ya kuchagua, chukua wa benchi. Kama unauza programu au ushauri sijui nikuambie nini, yule kaka alionekana kufurahi. Na kama bado hujawahi kupima bidhaa yako baada ya kuisafirisha, ahirisha msafara, tuma boksi kwa rafiki aliye mbali, mwambie akurudishie, kisha upime. Hiyo ni gharama ya stempu.

Sisi tumefupisha kifuniko kwa milimita moja na nusu. Babu alikifungua kile cha nne, akaikuta gundi chini ya faiba ya saba nene kama alivyosema, akabadilisha jinsi anavyokandamiza kifuniko wakati wa kugundisha. Tukatengeneza vingine sita, tukavikalisha wiki tatu kwenye kabati la joto na unyevu tulilolikodi, tukamtumia mhandisi vitatu. Jibu lilikuja siku ya nne, ukurasa ule ule wenye namba kumi na mbili kwa kila kishikio, na kubwa kuliko zote ilikuwa 0.4. Chini yake, kwa mkono, "bado hapana".

Babu aliusoma ukurasa mara mbili, akauliza kama ile chupa ya gundi nyingine imeshafika.